Basi Njoo

Gari lilisimama katikati ya jabali, pua juu, gurudumu moja la mbele likining'inia hewani. Kwenye kioo cha mbele, fundi cherehani aliyeshika usukani aliona mawingu matupu.

"Mbona umesimama?" alipaza sauti makanika, mwenye gari, aliyekuwa akimwelekeza kutoka juu ya jiwe.

"Si umesema basi!"

"Nimesema basi njoo!"

Ile "njoo" ilikuwa imemezwa na injini. Rafiki yao nesi, aliyeketi kiti cha abiria amekumbatia kapu la chakula, alicheka mpaka machozi. "Mwenzangu, rudi nyuma, mimi nina watoto!"

Safari zote za kupanda majabali kwa gari, mlinzi wa kapu hilo alikuwa fundi cherehani. Leo ndiyo kwanza amepewa usukani. Arudi nyuma? Thubutu!

Akavua kiatu. Akaachia breki, akakanyaga mafuta kwa unyayo mtupu, polepole, kama anavyokanyaga cherehani akishona pindo la hariri. Gari likatetemeka. Changarawe zikaporomoka.

Makanika akafungua mdomo.

"Sema neno moja tu," fundi akafoka huku akicheka, "nakushona midomo!"

Makanika akajiziba mdomo kwa viganja viwili. Gurudumu likashuka, likagusa jabali, likang'ata.