Gonga Mara Moja

"Kwi!"

Kayaki ikayumba kulia. Kiroboto akauma meno, akaishikilia kwa kasia.

"Kaka, utatuzamisha na hiyo kwikwi yako. Si unywe maji!"

"Nimeku... kwi! Nimekunywa mto mzima."

Walikuwa wanaishusha kayaki ya watu wawili kutoka kwenye chemchemi hadi ziwani, ambako wateja wa mchana huanzia. Kiroboto mbele, kaka yake nyuma. Jina la Kiroboto alilipata kwa sababu hajawahi kukaa kitako mahali pamoja mpaka chai ikaisha. Dawa yake bosi aliipata: kanuni moja tu, wa mbele hageuki. Ukigeuza kichwa, mabega yanafuata, na mabega yakifuata mnaoga wote. Wiki ya kwanza kazini Kiroboto aligeuka, wakaoga. Aliyekaa nyuma siku hiyo alikuwa bosi mwenyewe, na simu mfukoni.

Tangu hapo Kiroboto hageuki hata akiitwa kula.

Ila leo alikuwa na jambo zito kuliko maji. Binti wa bosi, yule anayegawa majaketi ya kuelea, jana alimwambia kavukavu: "Umezungukazunguka vya kutosha. Kesho mwambie baba unataka kunioa. Usipomwambia, Jumatatu naenda zangu kwa shangazi, na namba yako naifuta." Na yule akisema anafuta, anafuta.

Bosi angekuwa gatini kule ziwani kama kawaida yake, ameshuka na lile gari ambalo hamwachii mtu. Kaka yake Kiroboto alikuwa analiota gari hilo. Aliendeshe mara moja tu, alisema, halafu hata akifa poa.

"Sasa nitamwambiaje mzee?"

"Mwambie... kwi!"

"Basi nyamaza, ukinyamaza itakata. Mimi nauliza, wewe unagonga ubavu kwa kasia. Mara moja ndiyo, mara mbili hapana."

Kwi. Ko.

Wakafika kwenye miamba, pale maji yanapopiga kelele na hakuna chombo kinachopita. Wakatoka, wakaipindua kayaki, wakaibeba kichwani, kila mtu na ncha yake. Ukiibeba hivyo huoni kitu zaidi ya vidole vyako vya miguu. Katikati ya njia, upande wa nyuma ukashuka.

"Wapi tena?"

"Nakuja. Kwi!"

Kiroboto akabaki amesimama, kichwa ndani ya kayaki kama kobe, anafanya mazoezi. "Bosi, shikamoo. Bosi, unajua mimi... Bosi, naona leo jua kali..." Upuuzi mtupu. Kule juu barabarani gari likanguruma, likasimama. Baada ya muda upande wa nyuma ukainuka tena, na lile gari likaondoka huku gia zinalia.

"Ulikuwa unachimba dawa au unachimba kisima?"

Wakaiteremsha kayaki majini. Kiroboto akaingia mbele, macho mbele, kama kanuni inavyotaka. Nyuma yake kayaki ikalemewa, ikatulia.

"Afadhali, imekata. Usifungue mdomo, itarudi! Gonga tu. Mara moja ndiyo, mara mbili hapana."

Ko.

Kasia la nyuma likavuta, kayaki ikanyooka kama imepigiwa rula.

"Eh! Kumbe ukitaka unaweza! Haya, sikiliza. Nianze na habari za kazi, halafu ndiyo nimwingize binti?"

Ko, ko.

"Niende moja kwa moja?"

Ko.

"Lakini ule uso wake, kaka! Mtu anakuangalia kama umekalia miwani yake. Nikiuona tu, maneno yote yanarudi tumboni."

Maji yakachuruzika kwenye kasia.

"Na ile kayaki ya bluu? Nimwambie ni mimi niliyeiburuta kwenye mawe ikatoboka, wala si panya?"

KO!

Hiyo Kiroboto aliisikia mpaka kwenye makalio.

"Taratibu bwana, utatoboa na hii! Sawa, nitasema. Mzee mgumu, lakini hajawahi kunidanganya, na ule uongo wa panya unaniwasha." Akapiga kasia kidogo, akaacha. "Halafu namwambia ukweli wote. Shule niliikimbia. Nyumba sina, nina chumba kinachovuja. Ila binti yake akianza kuongea, mimi nakaa. Mimi, Kiroboto, nakaa kitako mpaka chai inaisha. Sijui kulisema vizuri zaidi ya hapo."

Kasia la nyuma likaacha kuvuta. Kayaki ikawa inateleza yenyewe.

"Haya, jifanye wewe ndiye bosi. Ungenipa?"

Kasia halikugonga.

"Kaka?"

Wakakata kona ya mwisho, ziwa likafunguka. Gati lile pale. Binti amesimama na rundo la majaketi mikononi, moja kajizibia mdomo, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Na kando yake, nguo kavu kabisa, funguo za gari la bosi zinazunguka kidoleni, amesimama kaka yake.

"Kwi!" ikasikika mpaka majini.

Kiroboto hakugeuka. Safari hii hata angetaka, shingo ilikataa.

Nyuma yake kasia likagonga ubavu, mara moja. Akasubiri la pili.

Halikuja.