Darasa la Usingizi

Kila mtu ukumbini alikuwa amefumba macho isipokuwa mwanamume wa mkeka wa kando. Alikuwa akimtazama Awinja.

Awinja akafumba yake haraka. Moyo ulimdunda kama mchi kinuni.

"Vuta pumzi," Mwalimu Mark alisema kwa upole, akipita kati ya mikeka bila viatu. "Ishikilie. Sasa iachilie polepole."

Hiyo ilikuwa Jumamosi yake ya pili. Awinja alikuwa fundi cherehani mjini Kakamega, na tangu wezi walipovunja mlango wake kule Lurambi mwezi wa nne, hakuwahi tena kulala hata nusu ya usiku. Juzi alisinzia akishona sare ya shule, sindano ikamtoboa kidole hadi ng'ambo. Muuguzi aliyemfunga kidonda ndiye aliyemwambia kuhusu darasa hili.

"Dada, wewe huhitaji dawa. Punguza mawazo, usingizi utarudi wenyewe."

Na kweli wengine liliwasaidia. Jael, mwalimu wa chekechea, alikuwa akikoroma kabla dakika kumi hazijaisha. Lakini Awinja kila akijilaza pale hali ilizidi kuwa mbaya. Jasho lilimtoka, magoti yakatetemeka. Na kila akichungulia, mwanamume yule bado alikuwa akimtazama.

Jina lake Wandera. Hakuzungumza na mtu. Mkononi alikuwa na kovu refu, bado jekundu.

Mwalimu Mark alichuchumaa kando ya Awinja. "Usingizi bado unakataa?"

"Unakataa, mwalimu."

"Nyumbani uko na nani?"

"Mtoto yuko shule ya bweni Mukumu. Nakaa peke yangu."

"Pole sana. Leo utauacha huo mzigo hapa."

Alipoinuka kwenda mbele, Wandera alimwinamia Awinja. "Wewe ndiye walimvunjia mlango kule Lurambi?" alinong'ona.

Darasani hakuwa amemwambia mtu yeyote habari hiyo. Aliokota viatu vyake, akatoka bila kuaga.

Nje manyunyu yalikuwa yameanza. Hakuwa amefika langoni aliposikia hatua nyuma yake. Akanyakua kipande cha tofali, akageuka.

"Simama hapo! Nitakupasua kichwa!"

Wandera alisimama, akainua mikono yote miwili. Kisha akaketi taratibu kwenye ngazi zilizolowa, kama mtu anayetaka kuonyesha kwamba hatamfukuza.

"Niliwauliza majirani zako. Nisamehe, dada."

"Unanichunguzia nini?"

"Ni vile unatetemeka. Wengine wote wanalala, wewe unatetemeka." Akagusa kovu lake. "Mimi walinivamia mwezi wa pili, nyumbani Bukura. Nilipojaribu kupigana wakanikata panga. Wakanifunga kitambaa machoni. Sikuona sura hata moja. Wewe je?"

Mkono wa Awinja ulianza kushuka. "Hata mimi sikuona. Walinilaza kifudifudi, mmoja akaniambia nisifumbue macho."

"Polisi waliniandikia kila kitu. Lakini walisema sauti tu, tena kwa sikio la mtu mmoja, haitoshi."

"Sauti ya nani?"

Wandera aligeuza uso kuelekea dirisha la ukumbi, akaweka kidole mdomoni ili Awinja asikize.

Awinja naye akasikiza. Tofali likamponyoka.

"Sasa nyote mlale kifudifudi," mwalimu alikuwa akisema kwa upole uleule. "Na asifumbue mtu macho mpaka nimwambie."