Mkono wa Pole

Mume wangu, Malachy, alikuwa ameshampa mjane mkono wa pole na kumgusa marehemu kwenye paji la uso, kama tufanyavyo sote, nami nikageuka kuchukua chai. Nilipotazama tena, alikuwa amerudi mkiani mwa foleni ya kuaga, kofia mkononi.

"Straika wetu huyo," mzee mmoja akamchokoza. "Bado unawatoroka mabeki?"

Watu wakacheka. Malachy naye akacheka, maana kucheka bado hajasahau.

Marehemu alikuwa winga. Miaka yote alimpigia Malachy krosi, na Malachy akazifunga kwa kichwa hicho hicho ambacho leo hakishiki kitu.

Nilijaribu kupenya nimtoe, lakini sebule ilijaa tele, na chai ikanimwagikia vidoleni. Nikamwona akilifikia jeneza. Akachungulia ndani, na uso wake ukavunjika upya, vile vile kama mara ya kwanza.

"Amekufa?" akamuuliza mjane. "Mbona hamkuniambia?"

Mjane akanitafuta kwa macho juu ya mabega ya watu.

"Hajafa, Malachy," akamwambia, akimpapasa mkono. "Kajipumzisha tu. Si mna mechi kesho?"

"Ala, kumbe." Akajifuta machozi kwa kofia, akainama hadi sikioni mwa rafiki yake.

"Lala, ndugu yangu. Ila kesho nipigie za juu. Kichwa kipo."