Hata Tone

Mwanahawa hakuwa akipita karibu na lile dude bila kuziba pua. Mumewe, Kibwana, fundi wa malori, alijiundia tangi la samaki kwa vioo vya madirisha, na tangu hapo maji yalichuruzika kidogo kidogo mpaka mkeka ukaoza na sebule nzima ikanuka shombo.

Asubuhi ile Kibwana alikata kipande cha sabuni ya mche, akakifinyanga, akakishindilia ufani kwa ndani, kama afanyavyo tangi la dizeli linapovuja. Adhuhuri akamwita mkewe.

"Njoo uone! Hata tone!"

Maji yalikuwa meupe kama ya kufulia. Samaki walielea matumbo juu, ute ukiwatoka mashavuni.

"Na samaki, Kibwana?"

"Si nimekwambia halivuji?"

Mwanahawa akakunja mkono wa gauni, akazamisha mkono wake katika uchafu ule hadi kiwikoni, akamtoa samaki mmoja aliyekuwa bado akipapatika. Akamwaga chai ya mumewe, akajaza maji safi kikombeni, akamtia.

"Sasa mimi nitanywea nini?"

Mwanahawa alikishika kikombe kwa mikono miwili, akiungoja ule mdomo mdogo wa samaki ufunguke tena.