Wamejibu?

Simu kutoka Madagaska ilimkuta Muzdalifa maabara, chuoni kwake Guangzhou, saa tano asubuhi. Kule Madagaska ndiyo kwanza kulikuwa kunapambazuka.

Aliyepiga ni mzee Mngazija aliyemwongoza msituni mwaka jana, alipokwenda kurekodi ndege wadogo wenye haya, ambao ukoo wao mzima hauishi popote ila kisiwa kile.

"Moto umepita, mwanangu," alisema mzee. "Nimesimama penye majivu, simu nimeiinua juu, sauti yake hadi mwisho. Masikio yangu siku hizi hayashiki sauti nyembamba. Wachezee wimbo wao, kisha unisikilizie wewe. Akijibu hata mmoja, nabaki kumlinda. Wasipojibu, namfuata binti yangu mjini."

Muzdalifa aliweka simu mbele ya spika, akafungulia sauti za mwaka jana. Mluzi mwembamba ulipanda, ukakatika, ukapanda tena. Akauzima.

Wenzake walikuwa wakizungumza Kichina meza ya pili. Aliwainulia mkono wanyamaze, akaibana simu sikioni hadi sikio likamuuma.

Alisikia upepo. Alisikia tawi likivunjika, na mzee akijizuia kupumua.

Dakika ikapita, na nyingine.

"Wamejibu?"

Neno "ndiyo" lilimfika hadi ncha ya ulimi. Akamwona mzee yule peke yake, siku baada ya siku, akiyalinda majivu.

"Hapana, babu," alisema, na machozi yakamtoka. "Hakuna."



"Wachezee tena," alisema mzee.