Kura Moja ya Nyangau

"Nyangau, kura moja," karani akasoma, kisha akaiinamia karatasi tena kama mtu aliyeona vibaya. "Momanyi, themanini na mbili."

Uwanja wa soko la Nyamache ukajaa vicheko. "Amejipigia mwenyewe," mtu akasema, na wenzake wakashikana mabega kwa kucheka. Ombati naye alicheka, maana kunyamaza kungemuumbua.

Nyangau alimpa Momanyi mkono wa pongezi, akavaa kofia yake. Kabla ya kuondoka alimtafuta Ombati kwa macho katikati ya watu, akamtazama kwa muda. Ombati akainama kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa tayari.

Asubuhi ile kila mlipa kodi alipewa kadi moja, akaingia peke yake nyuma ya pazia. Sanduku jeupe lilikuwa la Nyangau, jekundu la Momanyi. Ombati alisimama mbele ya lile jeupe akikumbuka mafuriko ya mwaka jana, Nyangau alipomvusha mkewe Ombati, Bonareri, mtoni mgongoni, uchungu wa uzazi umemshika. Lakini Momanyi alikuwa amemnong'oneza kwamba angempatia kibali cha serikali cha kupanda kahawa, akiingia tu katika baraza la wilaya. Kadi ikaangukia kwenye jekundu.

Sasa, njiani kurudi nyumbani, wanaume watatu mbele yake walikuwa wakibishana ni nani kati yao aliyeahidiwa kibali cha kahawa kwanza.

Bonareri alikuwa akimenya ndizi, mtoto mgongoni.

"Nasikia Nyangau kapata moja," alisema bila kuinua uso. "Mimi nilidhani angalau atapata mbili."

Ombati alikaa kwenye kigoda.

"Basi nenda ukamwambie wewe mwenyewe, baba Kemuma. Asije akasikia kwa watu."

Ombati alipanda kilima polepole kuelekea kwa Nyangau, akipanga maneno na kuyapangua. Angesema alikosea sanduku. Hapana, angesema kweli yote, na Nyangau akimfukuza, atakubali kufukuzwa.

Alimkuta kwenye migomba, akipogoa majani makavu kama siku nyingine yoyote. Nyangau alipomwona aliacha kazi, akafuta mikono kwenye suruali.

"Nimekuja kwa ajili ya ile kura," Ombati alianza. "Nyangau, leo asubuhi, nilipoingia pale ndani..."

"Usiseme, ndugu yangu." Nyangau aliushika mkono wake kwa mikono yote miwili, macho yamelowa. "Mimi niliona aibu kujipigia mwenyewe, nikampa Momanyi. Karani aliposoma ile moja, nilijua papo hapo kwamba ni yako."