Likizo ya Lazima

Saa kumi na moja kasorobo karani wa masjala alivua viatu, akavificha ndani ya boksi la mafaili ya wastaafu, kisha akajibanza nyuma ya rafu ya mwisho ya stoo. Huko hakuna aliyefika. Wastaafu hawana haraka.

Simu ikatetemeka mkononi.

"Mke wangu, unarudi saa ngapi?"

"Nitachelewa kidogo," alinong'ona. "Kazi zimenizidi."

"Pole. Mawifi zako wamefika wote watatu. Mdogo wao kaja na tarumbeta, anawafundisha mapacha wetu kupuliza."

Tarumbeta likalia kama mbuzi aliyebanwa mlangoni. Karani alikata simu, machozi yakimlengalenga. Hakutaka makubwa. Alitaka kulala saa moja tu, bila mtu kumwita mama, wifi wala mke wangu.

Kikwazo kilikuwa ofisa utumishi, ambaye wafanyakazi walimbandika jina la Mama Mizani. Tangu arudi semina ya mizani ya kazi na familia, alikuwa hashikiki. Kila siku ikigonga saa kumi na moja alipita chumba kwa chumba, akizima taa na kuwaswaga watu kama kuku. "Nyumbani! Kazi isiile familia!" Aliyekutwa mara tatu ndani ya mwezi alipewa likizo ya lazima, siku ishirini na nane, akae na wapendwa wake.

Karani alikwisha kukutwa mara mbili. Siku ishirini na nane na lile tarumbeta!

Taa za ukumbini zikazimika. Mlinzi akaaga watu wa mwisho getini. Kisha zikasikika hatua: ko, ko, ko. Zikapita mlango wa stoo, zikasita, zikarudi.

Mlango ukafunguka. Karani alifumba macho kama mtoto anayedhani haonekani. Hatua zikaja mpaka rafu ya mwisho, zikakoma.

"Kumbe ni wewe," alisema Mama Mizani.

"Nisamehe, mama. Sirudii tena."

Mama Mizani akaenda kuurudishia mlango polepole, akavua viatu, akachomoa mto nyuma ya mafaili.

"Sogea huku kwangu, mwanangu," alisema huku akipiga miayo. "Hapo ulipokaa ni pa mkurugenzi. Akikosa pake, hununa wiki nzima."